Kamba Haiponyi Akili: Tuliyofunzwa na Watu wa Amagoro



Barabara kuu itokayo bandarini Mombasa, ikapita Mariakani, Voi, Nairobi, Nakuru na Eldoret, humalizikia kwenye lango la mpaka wa Malaba, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa petu. Kabla ya kufika mpakani ndipo ulipo mji mdogo wa Amagoro, makao ya utawala wa Teso Kaskazini katika Kaunti ya Busia. Wengi wetu wa pwani hatujawahi kuutia mguu mji huo, lakini ni nadra kupata mtaa wetu usiokuwa na kijana aliyewahi kulala huko ndani ya lori, akisubiri karatasi zake zipite forodhani avuke kwenda Tororo na Kampala.

Mtoto wa mjomba wangu alikuwa mmoja wa vijana hao. Jina lake nalihifadhi, kwani yungali hai, na heshima yake ni amana kwangu. Baba yake ameniruhusu niandike haya, kwa sharti kwamba nisiyapambe na nisiifiche aibu yetu sisi jamaa zake. Nimelikubali sharti hilo.

Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, msomaji atakumbuka jinsi malori yalivyopanga mstari wa makumi ya kilomita kutoka Malaba kurudi nyuma, madereva wakingoja majibu ya vipimo. Walilala barabarani siku nyingi, na watu wa vijijini waliwaogopa kama kwamba wao ndio maradhi yenyewe. Kijana wetu alikuwa katika mstari huo. Aliporudi nyumbani alikuwa amekonda na amepunguza maneno. Tulidhani ni uchovu. Mwaka uliofuata usingizi ukamkimbia kabisa. Akawa akipiga simu usiku wa manane kumwambia mamake kwamba kuna watu wamemfuata tangu Eldoret, na kwamba redio ya lori yamtaja jina. Mamake akamsomea dua kwenye simu, naye akatulia, na sisi tukarudi kulala.

Siku moja aliliacha lori kwenye foleni, ufunguo ukiwa ndani, akashuka na kutembea kwa miguu mitupu mpaka Amagoro.

Mama wa chai

Waliomwona sokoni walimdhania mlevi, na wengine wakamdhania mwizi. Ndugu msomaji, ajua mwenyewe linalomsibu mgeni akidhaniwa mwizi sokoni. Aliyemwokoa alikuwa mama mmoja muuza chai. Alimwita, akamweka kwenye benchi lake, akampa kikombe cha chai na andazi, akawaambia waliokusanyika waende zao. Kisha akaichukua simu ya kijana na kulipigia jina la kwanza aliloliona limeandikwa "Baba".

Mjomba amenisimulia maneno ya simu ile mara nyingi, wala hayabadiliki: "Mzee, huyu kijana hajalewa. Huyu ni mgonjwa. Mkuje mumchukue polepole. Na msimpige."

Mjomba akamjibu, "Ahsante, mwanangu. Twaja." Usiku ule ule tukapanda basi.

Tulipofika tulimkuta amelala nyumbani kwa mama yule, amechomwa sindano ya kumtuliza katika kituo cha afya cha serikali. Mama mwenyewe hakuwa muuguzi wala hakuwa na elimu kubwa. Alikuwa na ndugu yake aliyeugua maradhi kama hayo kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo alikuwa mwanachama wa kikundi cha wagonjwa wa akili na jamaa zao, kilichoanzishwa kwa msaada wa shirika moja la hisani. Kwa siku tatu tulizokaa pale alituchukua mkutanoni kwao, chini ya mwembe, tukaketi nao.

Nilitarajia kuona watu wa kuhurumiwa. Niliona watu wakihesabu fedha. Kila mmoja alitoa hisa yake ya wiki, ikaandikwa daftarini. Mmoja aliomba mkopo wa kununua kuku wa kufuga, na akaulizwa maswali makali, kama aulizwavyo mkopaji yeyote. Katika kurasa za mwisho za daftari lile lile kulikuwa na orodha nyingine: jina la kila mgonjwa, siku ya kliniki yake, na idadi ya vidonge vilivyobaki nyumbani. Asiyefika kliniki hutembelewa kesho yake. Waliokuwa na kifafa walikuwamo pia, maana huko kama huku kwetu, mwenye kifafa hutengwa sawasawa na aliyepotewa na akili.

Nilimuuliza mzee mmoja wa kikundi kwa nini wanachanganya dawa na fedha katika daftari moja. Akanijibu kwamba mtu akipona akakosa kazi, maradhi hurudi kumtembelea.

Kosa letu

Tulimrudisha kijana pwani akiwa na dawa za mwezi mmoja. Hapa ndipo inapoanza aibu niliyoahidi kutoificha.

Nyumbani, aila iligawanyika. Wako waliosema amepandwa na jini la safarini. Wako waliosema ni husuda ya wenzake wa kazi. Akaletwa mganga, na dawa zikawekwa kando "ili zisigongane na tiba". Kijana akanywa makombe, akafukizwa, akavishwa hirizi. Wiki ya tatu hali ikamchafuka. Akavunja dirisha, akatoka usiku kuelekea barabara kuu. Wanaume wa nyumba, mimi nikiwa mmoja wao, tukamkamata, tukamfunga kamba mikono na miguu katika chumba cha uani. Tulisema ni kwa usiku mmoja. Alikaa humo siku tisa.

Siku ya kumi simu ya mjomba ililia. Alikuwa mama wa Amagoro. Hakuwa na habari ya lolote. Alikuwa ameangalia daftari lake, akaona kwamba dawa za kijana wetu zinakaribia kwisha, akauliza kama tumeshapata nyingine. Mjomba alishindwa kujibu. Alinipa mimi simu, nami pia nikashindwa.

Mwanamke asiyekuwa jamaa yetu wala jirani yetu, tena aliye mbali nasi kilomita 900, alikuwa akivihesabu vidonge vya mtoto wetu, ilhali sisi tuliokuwa naye nyumba moja tulikuwa tukikaza mafundo. Kamba ilifunguliwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri, na tukampeleka hospitali.

Kazi yenye misingi

Tangu hapo nimejishughulisha kusoma na kuuliza juu ya mashirika ya hisani yafanyayo kazi hii, nikaona kwamba lile daftari la Amagoro halikuzuka hivi hivi. Nyuma yake mna fikra iliyojaribiwa mahali pengi.

Miongoni mwa waliotangulia katika nchi yetu ni shirika la BasicNeeds, lililoasisiwa na Mwingereza Chris Underhill na kuanza kazi Kenya mwaka 2005. Limefanya kazi pia Uganda na Tanzania. Shirika hili halikujenga hospitali. Liliona kwamba kliniki za serikali zipo, japo zina upungufu, na kwamba mgonjwa hazifikii kwa sababu ya nauli, aibu na ujinga wa jamaa zake. Kwa hivyo liliwafunza wahudumu wa afya wa vijijini kuyatambua maradhi, likakusanya wagonjwa na walezi wao katika vikundi vya kusaidiana, na likawasaidia kuanzisha kazi za kujipatia riziki: ufugaji, kilimo, biashara ndogo ndogo. Tiba na riziki zilikwenda pamoja.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia kwa miaka miwili watu wapatao 200 wenye maradhi makali ya akili au kifafa katika sehemu za Meru na Nyeri, waliokuwa chini ya mpango huo. Afya yao ilitengenea, maisha yao yakawa bora, na wengi wakarudi katika kazi. Watafiti hawakuwa na kundi jingine la kulinganisha nalo, kwa hivyo haifai kusema kila jema lililoonekana lililetwa na mpango peke yake. Lakini mwelekeo wake ulikuwa wazi.

Ushahidi wenye nguvu zaidi umetoka ng'ambo ya mpaka ule ule wa Malaba. Katika wilaya za Rakai na Masaka, kusini mwa Uganda, zilizoumizwa sana na ukimwi, watafiti walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe wanaiitaje huzuni isiyokwisha. Wakapewa majina mawili ya Kiganda, moja likielekeza kwenye mtu kujichukia na jingine kwenye mtu kujihurumia. Kisha vijiji 30 vikagawanywa kwa kura. Katika nusu yake, watu wa kawaida, wasio matabibu, walifunzwa kwa msaada wa shirika la World Vision kuongoza vikundi vya wanawake mbali na wanaume mbali, wakutane mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wazungumze juu ya misiba, ugomvi, upweke na mabadiliko ya maisha yaliyowafikisha pale.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Katika vijiji vyenye vikundi, waliokuwa na dalili kamili za sonona walikuwa asilimia 86 mwanzoni, wakashuka hadi asilimia 6.5. Katika vijiji visivyokuwa na vikundi walitoka asilimia 94 hadi 55 hivi. Msomaji azingatie kwamba hakukutumika dawa wala daktari wa akili. Mwaka 2013 Mmarekani Sean Mayberry aliasisi shirika la StrongMinds, ambalo limeieneza njia hiyo nchini Uganda, hasa kwa wanawake.

Hata hivyo tusichanganye mambo. Sonona ni maradhi mamoja, na yale ya kijana wetu, ya kusikia sauti na kushuku watu, ni mengine. Mazungumzo huweza kumwinua mwenye sonona. Mwenye maradhi kama ya kijana wetu huhitaji dawa kwanza, na kikundi kiwe cha kumlinda asiziache.

Sheria imekwenda wapi

Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianza kuwapokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, na kwa miaka mingi neno "Mathari" lilikuwa tusi midomoni mwa watu. Hapa Mombasa, Port Reitz pana wodi ya wagonjwa hao, na jina lake nalo limetumiwa kutishia watoto. Mwaka 2020 jopokazi la taifa lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili, ya mwaka 1989, ilifanyiwa marekebisho yaliyosisitiza haki na utu wa mgonjwa na kuzipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi karibu na wananchi.

Hadi juzi juzi, mtu aliyejaribu kujitoa uhai nchini kwetu alihesabiwa mhalifu, na kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu kilimtishia kifungo cha hadi miaka miwili. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na katiba. Kujiua kubaki haramu katika dini yetu hakubadilishwi na uamuzi huo. Kilichobadilika ni kwamba aliyefikishwa ukingoni na maradhi sasa apelekwe kwa tabibu, na jamaa zake wasiogope polisi wakimpeleka.

Ama kuhusu kamba na minyororo, tusidhani ni aibu yetu peke yetu. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti mwaka 2020 iliyoonyesha kwamba watu wenye maradhi ya akili hufungwa minyororo katika nchi zipatazo 60. Aghalabu wanaowafunga ni jamaa wawapendao, waliokosa pa kwenda. Naielewa sababu hiyo, kwani ndiyo iliyokuwa yetu. Lakini zile alama za kamba zilizobaki mikononi mwa kijana hazikuuliza nia yetu ilikuwa nini.

Tulichokisahau

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba sisi Waislamu tulikuwa wa kufunza jambo hili, si wa kufunzwa. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na siha ya nafsi kwa pamoja, akatofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyokuwa na sababu iliyo wazi. Mjini Kairo, hospitali ya Sultani Qalawun, iliyojengwa mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Mjini Halab, nchini Shamu, mwaka 1354 liwali Arghun al-Kamili alijenga hospitali yenye nyua na chemchemi, na sauti ya maji ikahesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Gharama za majumba hayo zililipwa kwa wakfu: maduka, mashamba na hamamu ambazo mapato yake yaliwekwa kwa ajili ya wagonjwa milele.

Fikihi yetu nayo imemwondolea aliyepotewa na akili mzigo wa faradhi mpaka akili imrudie. Ikiwa Sharia imemwondolea mzigo, sisi twamfunga kwa kosa gani? Na Sura ya Annisaa imemuamrisha mwenye kusimamia mali ya asiyeweza kuisimamia amlishe, amvishe, na aseme naye kwa maneno mema. Lishe, vazi na maneno mema: ndivyo alivyoanza mama wa Amagoro na kikombe chake cha chai.

Sisemi tuache kisomo. Mamake kijana angali akimsomea kila jioni, naye hutulia kwa sauti ile. Ninachosema ni kwamba dua na dawa hazigombani. Msomaji wa kweli hatamwambia mgonjwa atupe vidonge vyake. Akimwambia hivyo, ondokeni.

La kufanya nyumbani

Kwa faida ya aila zetu, nayafupisha niliyojifunza kwa gharama kubwa.

Kwanza, mtu akikosa usingizi siku nyingi, akajitenga, akasikia yasiyosikika au akawashuku watu bila ya sababu, msingoje avunje dirisha. Mpelekeni kituo cha afya mapema.

Pili, dawa hazikatizwi bila ya idhini ya tabibu, hata mgonjwa akionekana amepona. Aghalabu amepona kwa sababu anazitumia.

Tatu, mtu akisema amechoka na maisha, msimkemee. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujidhuru, msimwache peke yake, ondoeni sumu na vitu vya hatari nyumbani, na mfikisheni hospitali. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba ya bure ya simu, 1199, kwa anayehitaji wa kuzungumza naye.

Nne, mlezi naye ni mtu. Mama alalaye mlangoni kumchunga mwanawe huugua pia. Mpokezaneni zamu.

Tano, anzeni kikundi. Hapahitajiki ila daftari, mkeka na watu watano. Misikiti yetu ina kumbi zinazokaa tupu siku sita katika wiki, na miongoni mwetu wamo wenye nyumba za kupangisha. Hata chumba kimoja kikiwekwa wakfu, kodi yake yatosha nauli za kliniki za watu kadhaa.

Mahali tulipofika

Msomaji atataka kujua hali ya kijana. Hakurudi kwenye malori, na daktari hajamruhusu kuendesha. Amepata kazi ya kuziba pancha katika karakana ya rafiki wa mjomba. Zipo siku njema, na zipo siku ambazo hakai na watu. Mwaka jana maradhi yalimrudia kwa wiki mbili, lakini safari hii hakuna aliyetafuta kamba. Ufunguo wa chumba cha uani mjomba aliutupa, na mlango wenyewe akaung'oa. Sasa chumba hicho ni stoo ya vibuyu na makuti.

Kila mwisho wa mwezi mama wa Amagoro hupiga simu. Wala haulizi mengi: husalimia, kisha huuliza vimebaki vingapi. Zamani mjomba ndiye aliyekuwa akijibu. Siku hizi simu hupewa kijana mwenyewe, naye huleta pakiti yake, akavihesabu vidonge kwa sauti, kimoja kimoja, na upande wa pili wa simu twamsikia mama akiandika.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na awape walezi wao subira na msaada. Amin.